Benchi la mwembe lina ufa: nizibe au niache?

FundiKeko
Wakuu, habari za jioni. Mteja aliangusha mwembe uani kwake, akanipa gogo lenye panda, anataka benchi la barazani. Mimi ni mtu wa vitanda na makabati, ila hili nimelifuata lilivyo. Panda ndiyo maegemeo, kingo nimebandua gome na kupiga msasa tu, sikuzinyoosha. Wapita njia wanasimama kulipapasa. Sasa kuna ufa umeanzia kwenye kiini, umeingia zaidi ya shubiri. Mteja anataka niujaze epoksi ya buluu, ile gundi ya kumimina inayoganda, eti uonekane mto. Roho inagoma. Na bei je, nimtoze benchi au nimtoze sanaa?

BintiSeremala
Kaka, limekauka? Mbao za kuanika kivulini mafundi hukadiria mwaka kwa kila inchi ya unene. Likiwa bichi, hiyo epoksi kazi bure: mti utasinyaa na ufa utafunguka pembeni yake. Paka nta au rangi nzito kwenye ncha, huko ndiko maji yanakotoka mbio. Halafu chungulia chini. Ukiona unga laini, wadudu wameshahamia, mwembe wanaupenda hao.

MzeeWaTezo
Mwanangu, huku Mtwara gogo la mpingo lisilo na dosari hulipati kirahisi. Lina uwazi, lina kona. Mchonga shetani, vile vinyago vya Kimakonde vya mizimu, anaanzia hapohapo: uwazi unakuwa tumbo, kona inakuwa shingo. Wewe panda umeiheshimu, ufa unauonea haya wa nini?

Kipepeo_Mbao
Nakubaliana na mzee, ila benchi linakaliwa, ufa usiposhikwa utatembea. Mtazame George Nakashima, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungiwa na familia yake kambi ya Minidoka, Idaho, na humo akafundwa na seremala Gentaro Hikogawa. Baadaye, Pennsylvania, meza zake aliziachia kingo za mti na nyufa wazi, ila ufa aliubana kwa vipande vya mti mgumu vyenye umbo la kipepeo. Chimba kwa patasi, kiingie kwa kubana, nyuzi zake zikatize ufa. Ukizilaza sambamba na ufa, kitavunjika kiunoni.

FundiKeko
Shikamoo mzee, na asanteni wote. Unga sijauona. Kuhusu kukauka, ngoja niazime kipima unyevu. Bei mmeikwepa!

BintiSeremala
Mwandikie mistari miwili: kazi ya useremala, kisha ubunifu wa umbo. Akisema mti ni wake, hewala, mbao hujamtoza. Na uchonge jina lako chini ya kikalio.

FundiKeko
Sawa dada. Mpingo wa vipepeo nipate wapi bila kununua gogo zima?

MzeeWaTezo
Marahaba. Nenda Mwenge, hapo Dar, kwa wachonga vinyago, waombe mabaki. Beba msumeno wa kukatia chuma, huo wako wa mbao utaisha meno.