Mjadala: Je, kisichoweza kuwa hasi kitangazwe bila alama?

Mwenzetu mmoja wa hapa Kisumu ameandika kwamba, katika lugha ya C ya kuandikia programu za kompyuta, kila kiasi kisichoweza kushuka chini ya sifuri, uwe uzito, umri au idadi, kipewe aina ya nambari kamili isiyo na alama, yaani isiyoweza kubeba ishara ya hasi, kwa kuwa aina hiyo hujieleza yenyewe na huongeza upeo maradufu: biti 32 (tarakimu za 0 na 1) zenye alama hukomea 2,147,483,647, ilhali zisizo na alama hufika 4,294,967,295. Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe.

Niliwatengenezea wachuuzi wa samaki wa Dunga mizani ndogo, ambayo programu yake iliondoa gramu 400 za beseni katika kila kipimo. Vigeu vyote, yaani nafasi za kuhifadhia nambari katika programu, nilivitangaza kuwa vya biti 16 bila alama, kwani hakuna samaki mwenye uzito hasi. Mama mmoja alipoinua beseni lake, kioo kilionyesha 65,136, yaani zaidi ya kilo 65 juu ya mizani tupu. C haikukosea: sifuri ukiitoa 400 katika biti hizo, hesabu huzunguka na kuanza kushuka kutoka 65,536.

Uzito hauwi hasi, lakini tofauti ya vipimo viwili huweza kuwa hasi, na kazi kubwa ya programu ni kutafuta tofauti. Hata ulinganishaji huharibika: weka -1 yenye alama kando ya 1 isiyo na alama, zote za biti 32, nayo C itaigeuza -1 kuwa 4,294,967,295 kabla ya kulinganisha, hivyo -1 itaonekana kubwa kuliko 1.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami naikiri. Nambari zenye alama zikifurika, yaani zikipita upeo wake, kanuni za C hazisemi kitakachotokea, na kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako kwa mashine, inaruhusiwa kudhani kwamba kufurika hakutokei kamwe, hata ikafuta ukaguzi ulioandika kwa mkono wako. Hata hivyo, bilioni mbili ziko mbali na hesabu zetu nyingi, ilhali sifuri tunaigusa kila siku.

Mizani niliirekebisha kwa biti 32 zenye alama, kwa sababu 16 zenye alama hukomea gramu 32,767, na beseni la mbuta hupita hapo. Aina zisizo na alama naziachia kazi ya kuchezea biti moja moja. Ninyi mnaoandikia vidhibiti vya biti 8, yaani kompyuta ndogo za ndani ya vifaa, ambako kila baiti ina thamani, mngechagua nini mahali pangu?