Dawa mpya za Alzheimer zinarudisha kumbukumbu au zinachelewesha tu?

BintiWaTatu:
Wakuu naomba msaada. Mama yangu ana miaka 71, alianza kwa kurudia swali moja mara nne mara tano ndani ya saa, saivi anaficha funguo halafu anatulaumu tumemuibia, daktari kasema ni Alzheimer na bado iko mwanzoni. Sasa ndugu kila siku wananitumia meseji za dripu mpya inayosafisha ubongo. Nataka kujua ukweli, ukishasafisha kumbukumbu inarudi? Na baba mkubwa ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, yeye anameza vidonge na anatembea vizuri, kwa nini na huku isiwe hivyo hivyo?

MtuWaMaabara:
Pole sana dada. Mimi sio daktari, nipo maabara, ila hii mada naifuatilia miaka. Hairudi. Kinachosafishwa ni protini inaitwa amiloidi, inagandamana nje ya seli za ubongo, na kuna nyingine inaitwa tau inajisokota ndani ya seli zenyewe. Alois Alzheimer aliviona vyote viwili kwa hadubini mwaka 1906, lakini dawa inayoondoa amiloidi na mgonjwa akaonekana kufaidika kweli ndio imekuja juzi tu, lecanemab ilipata kibali kamili Marekani Julai 2023, donanemab ikafuata Julai 2024. Sasa soma hapa taratibu: jaribio la lecanemab lilikuwa na watu karibu 1,800 kwa miezi 18, wote hatua za mwanzo kama mama, na waliopata dawa na waliopata dripu isiyo na dawa WOTE walishuka, ila wa dawa walishuka taratibu zaidi kwa asilimia 27. Kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye pointi 18 hiyo ni tofauti ya kama nusu pointi. Ukizoa majivu, nyumba iliyoungua hairudi.

Baba mkubwa ni kesi tofauti. Parkinson inaanza kuua seli za eneo dogo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kusogea, na levodopa, dawa ya kawaida ya Parkinson, ikifika kwenye ubongo inageuzwa kuwa dopamini, kwa hiyo pengo linazibwa na mtu anatembea. Ila na yeye seli zinaendelea kufa chini kwa chini, ndio maana doza huwa inapanda.

NimemuuguzaBaba:
Dada kabla hujakimbilia dripu uliza mama anatumia dawa gani nyingine. Hizi dawa zinaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, ndio maana wanarudia MRI, yaani picha za ubongo, mara kwa mara, na mwenye nakala mbili za APOE4, jini ya kurithi inayoongeza uwezekano wa Alzheimer, hatari inapanda zaidi. Baba yangu alikuwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari akakataa kabisa, nikalia lakini leo namuelewa. Pia apimwe vitamini B12 na thairoidi, vikiwa chini navyo vinasahaulisha mtu, na hivyo vinatibika. Na hayo ya kuibiwa usibishane naye, tafuteni wote hizo funguo, huo ni ugonjwa unaongea sio mama yako.

Neva_na_Jini:
Mimi hiyo nusu pointi siidharau. Kwa mara ya kwanza tumeona ukigusa chanzo ugonjwa unapunguza mwendo, na saivi wanajaribu kuwapa dawa watu wenye amiloidi ambao hawajaanza kusahau, hapo ndipo nina matumaini makubwa. Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu cha kusaidia kugundua amiloidi, zamani ilikuwa lazima skani maalum au maji ya uti wa mgongo. Na kwenye ALS, ugonjwa unaoua seli za neva zinazoendesha misuli, ile ya kurithi inayotokana na jini ya SOD1, kuna dawa inaitwa tofersen tangu 2023, inapunguza utengenezaji wa protini mbovu.

BintiWaTatu:
Asanteni sana jamani. Mama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda tangu alivyopata shida ya moyo na hakuna aliyetuuliza. Jumatatu naenda na dawa zake zote kwenye mfuko, naomba na B12 na thairoidi. Funguo tumezitafuta wote leo, amezipata mwenyewe, amefurahi sana.