Mfereji wa mgongo umebana, mama anashindwa kutembea: mazoezi, sindano au upasuaji?

Binti wa Mwaloni
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 67, anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Siku hizi akitembea kidogo tu miguu inakuwa mizito, ganzi inashuka kutoka matakoni hadi vidoleni, inabidi akae kwenye gunia lolote lililo karibu. Akikaa dakika chache anainuka kama hakuna kitu. Kinachonishangaza, tunaishi juu kwenye mawe, Kitangiri, na kupanda anapanda. Kushuka asubuhi ndiko kunakomtesa. Picha ya MRI imeonyesha mfereji wa uti wa mgongo umebana kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Daktari katupa njia tatu: mazoezi, sindano ya mgongoni au upasuaji. Nyumbani kila mtu ana lake. Kaka anataka apasuliwe haraka, mama hataki hata kusikia habari za kisu. Mliopitia au kuuguza, naombeni ulinganisho wa kweli.

Fizio Nyegezi
Pole sana dada, na mfikishie mama shikamoo yangu. Hilo la mlima lina sababu. Mtu akipanda huinama mbele, na akiinama mfereji unapanuka kidogo, mishipa ya fahamu inapata nafasi. Akishuka au akisimama wima, kiuno kinapinda kwa nyuma na nafasi inapungua. Ndiyo maana wapo wagonjwa wa namna hii wasioweza kumaliza mita mia kwa miguu lakini baiskeli wanaendesha vizuri. Kama mama aliwahi kuendesha, hata ile ya mazoezi isiyotembea itamfaa sana.

Kwa hiyo si kila zoezi la mgongo ni lake. Alale chali, avute goti moja hadi kifuani, kisha yote mawili, ashikilie, aachie taratibu. Akiwa bado chali na magoti yamekunjwa, akaze tumbo hadi kiuno kiguse mkeka. Yale ya kulala kifudifudi na kunyanyua kifua, ambayo wengi wenye shida ya diski huelekezwa, kwake huwa yanaongeza maumivu. Kutembea asiache, mapaja yakilegea shida zinakuwa mbili. Atembee, akae kabla maumivu hayajapamba moto, kisha aendelee.

Na beseni la dagaa kichwani liishe leo. Mzigo ule unamnyoosha wima na kukandamiza pingili. Asukume toroli, mpini wake unamfanya ainame.

Mkazi wa Igoma
Kabla ya yote, mishipa ya damu ya miguu imeangaliwa? Mjomba wangu alitibiwa mgongo muda mrefu kumbe damu ilikuwa haifiki vizuri miguuni, na ana sukari na alivuta sigara sana. Yeye alikuwa anabanwa vigimbi, akisimama tu bila kukaa maumivu yanaisha.

Binti wa Mwaloni
Asante mkuu. Daktari alimpapasa mapigo ya miguuni, akasema yako sawa. Na mama kusimama hakumsaidii, lazima akae au ainame.

Mwana Sengerema
Baba yangu alipasuliwa. Walimwondolea mfupa wa nyuma ya pingili uliokuwa unabana. Kabla ya hapo kanisani tulimpeleka kwa bajaji, na ni jirani kabisa. Sasa anakwenda mwenyewe, hata kivuko anapanda bila kushikwa. Lakini niseme ukweli wote: mgongo wenyewe bado unamuuma asubuhi na ganzi ya vidole haijaisha. Tuliambiwa mapema kwamba upasuaji huu unasaidia miguu kuliko mgongo. Na tuliuza ng'ombe, maana gharama si matibabu tu, kuna nauli, chakula, na mtu wa kumuuguza.

Mama Bwiru
Mimi nilichomwa sindano. Nilipata nafuu ya wiki kadhaa, kisha maumivu yakarudi palepale. Sukari ikapanda pia, mwenye kisukari aulize kwanza.

Daktari Kando ya Ziwa
Ya Mama Bwiru ndiyo tunayoiona mara nyingi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 400, ulilinganisha sindano ya ganzi yenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, na ya ganzi peke yake. Baada ya wiki sita tofauti ilikuwa ndogo au haipo kabisa. Mimi nisingetumia akiba ya familia huko.

Mazoezi na upasuaji vimelinganishwa pia, mwaka 2015, kwa watu 169 ambao wote walikuwa wameshakubali kupasuliwa. Baada ya miaka miwili uwezo wao wa kufanya shughuli ulikuwa karibu sawa. Lakini asilimia 57 ya waliopangiwa mazoezi walihamia upasuaji katikati, kwa hiyo kaka yako naye ana hoja. Mkifika huko, mwulizeni mpasuaji kama pingili inateleza na kama kweli vyuma vya kuunganisha pingili vinahitajika. Utafiti wa Sweden wa 2016 haukuona faida ya kuziunganisha kwa wagonjwa wengi wa aina hii.

Jambo moja halisubiri: mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, choo kikimponyoka, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mguu ukipoteza nguvu ghafla, nendeni hospitali usiku huohuo.

Kijana wa Mabatini
Kuna mzee huku ananyoosha migongo kwa kukanyaga. Watu wanapona.

Fizio Nyegezi
Mdogo wangu, tafadhali usimpeleke mama wa watu huko. Kumpinda nyuma ndiko kunakobana mfereji. Kukandwa misuli kwa mkono laini sawa, kukanyagwa hapana.

Binti wa Mwaloni
Nimewasomea wote nyumbani. Mama amekubali toroli na mazoezi kwa miezi mitatu, na tutaangalia anafika wapi kabla ya kulazimika kukaa. Kaka ameridhika kwamba mwendo wake usipoongezeka hata kidogo tutarudi kwa mpasuaji, na mama hapo hakubisha. Fizio, mkanda wa kiuno je? Amenunuliwa na anauvaa kutwa nzima.

Fizio Nyegezi
Auvae akiwa kazini tu, akifika nyumbani auvue. Akiushindia, misuli ya tumbo inalala, na hiyo ndiyo tunayoitafutia nguvu. Mlete klinikini mara moja nimwone anavyofanya lile la kukaza tumbo, wengi hubana pumzi.