Mama ameacha vidonge vya sukari, anakunywa mdalasini

BintiMkubwa: Habari za jioni wapendwa. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, yuko kwenye metformini. Kuna mtu kamwambia mdalasini unashusha sukari, basi kila asubuhi anakoroga kijiko kilichojaa unga wake kwenye maji moto, na vidonge ameanza kuviruka. Anasema watu wa zamani walituliza tumbo na mafua kwa gome hilo hilo. Nimwambieje bila kugombana naye?

MfamasiaMstaafu: Pole mwanangu. Vidonge avirudie leo hii, hilo halina mjadala. Habari ya sukari ina chanzo chake: mwaka 2003 watafiti nchini Pakistan waliwapa wagonjwa gramu 1, 3 au 6 kwa siku, kwa siku 40, na sukari yao ya kabla ya kula ikashuka. Lakini mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 10, yasione ushahidi wa kutosha. Kiungo kizuri, naupenda hata mimi, ila haushiki nafasi ya dawa.

Kinachonitia hofu zaidi ni hicho kijiko. Mdalasini ulio mwingi sokoni duniani ni kasia, nao una kumarini, kemikali ya asili ambayo ikizidi kila siku inaweza kuumiza ini. Kikomo kilichowekwa Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mwenye kilo 60 haki yake ni miligramu 6, na kijiko kimoja cha chai cha kasia kinaweza kuzipita. Mdalasini wa Sri Lanka unayo kidogo mno.

BintiMkubwa: Shikamoo mzee, asante sana. Nitautambuaje? Vijiti pia tunavyo.

MpendaViungo: Dada, tazama ncha ya kijiti. Wa Sri Lanka una tabaka nyingi nyembamba zilizoviringwa pamoja, unavunjika kwa vidole. Kasia ni gome moja nene, gumu. Ukishasagwa, kwa macho huwezi kuutofautisha.

MfamasiaMstaafu: Marahaba. Je, anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda? Kama ndiyo, mdalasini auache kwanza hadi aonane na daktari. Kama siyo, usimnyang'anye kikombe. Kipande kidogo cha kijiti ndani ya chai kinatosha, na kliniki nendeni na kopo la huo unga.

BintiMkubwa: Hapana, ni metformini na dawa ya presha tu. Nimeangalia vijiti vyetu: gome moja nene. Kopo nimeshaliweka kwenye mkoba.