Tupeane uzoefu: kumwagilia nyasi za nyumbani hapa Mombasa, mlifunga nini na mlifunga vipi?

BintiBamburi
Hamjambo nyote. Nina uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba, mita 10 kwa 8. Nilipanda ukoka masika iliyopita ukashika vizuri, lakini kaskazi hii umegeuka rangi ya mkeka mkuukuu. Kila jioni nashika mpira wa maji mpaka mkono unakufa ganzi. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza kaniambia sprinkla nne, vile vichwa vya kurusha maji, wa pili kasema mipira ya matone, ile yenye vitundu vya kudondosha maji kidogo kidogo, wa tatu kanipa bei bila hata kuniuliza maji yangu yanatoka wapi. Nina kisima, na tangi la lita 1,000 juu ya nguzo za mita 4. Waliokwisha kufunga, naomba mnieleze mlivyofanya, na hasa palipowaharibikia.

MzeeWaNyali
Mwanangu, huyo wa tatu muache. Mimi nilinunua sprinkla sita, zile zinazochomoza ardhini maji yakija, nikaziunga na tangi lililo juu mita 5. Siku ya kufungulia, watoto wote wamejipanga barazani kutazama, maji yakachuruzika tu pale kwenye mdomo wa sprinkla. Hata moja haikuinuka. Mita 10 za kimo ndiyo baa 1, yaani kipimo cha msukumo wa maji, kwa hivyo tangi langu lilinipa nusu baa, na sprinkla zile zataka kama baa 2. Lako ni pungufu hata ya langu. Bila pampu ya kusukuma maji toka tangini hazitanyanyuka.

Ukishaweka pampu, chukua ndoo ya lita 20 uijaze huku watazama saa. Ikijaa kwa dakika moja, basi una lita 20 kwa dakika, na sprinkla zinazofunguka pamoja, matumizi yao kwa jumla yasipite hapo. Kiasi cha kila moja kimeandikwa kwenye pakiti. Mimi ilibidi nigawe laini mbili, tatu huku na tatu kule, kila laini na valvu yake.

MamaWaKisauni
Mimi naomba mlisome hili kwa makini, kwa sababu lilitupata ndani ya nyumba.

Kisima chetu ni cha maji ya chumvi, kama visima vingi vya huku, na tuna maji ya mfereji ya kupikia. Fundi alipotufungia bomba la bustani aliunganisha laini zote mbili kwa tii moja, kile kiungo cha njia tatu, akaweka geti valvu katikati, koki ya kufunga na kufungua kwa mkono. Akasema, "Mama, kisima kikikauka wafungua hii, nyasi zanywa maji ya mfereji." Nikaona ana akili.

Wiki ya tatu nimepika chai ya alfajiri, mume wangu kaionja kaiweka chini. Mimi nimeonja, chumvi. Nikadhani mtoto kachanganya mikebe, nikamwaga, nikapika nyingine. Chumvi vilevile. Nilipofungua mfereji wa jikoni nikanywa hivihivi, nikajua. Ile valvu ilikuwa haifungi sawasawa, na usiku maji ya mfereji yalipokatika, pampu ikasukuma ya kisima hadi jikoni. Na kisima chenyewe hakiko mbali na shimo la choo cha jirani. Tulimwaga tangi zima la ndani, tukaliosha kwa klorini, na kwa siku nne tulinunua maji ya mitungi. Mdogo wangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano hapo nyumbani. Sijasahau hofu ile.

FundiLikoni
Pole sana mama. Mimi ni fundi na kazi kama hiyo nimeitwa kuibomoa mara nyingi. Geti valvu si kinga. Laini ya kisima na laini ya maji ya kunywa zisigusane kabisa. Mtu akitaka kuongezea tangi la bustani maji ya mfereji, bomba limwage kwa juu, na mdomo wake usifikiwe na maji hata tangi likijaa.

Na mwenye maji ya mfereji peke yake pia aweke valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma kwenye tawi la bustani. Maji yakikatika mtaani, bomba hunyonya. Ukiwa umeacha mpira ndani ya pipa la samadi, ile samadi ndiyo itakayorudi jikoni.

Binti Bamburi, pampu uifungie swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, na waya wa ardhi. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, si yangu mimi wa bomba.

KakaMikindani
Naunga mkono la umeme. Pampu yetu ilikuwa kwenye waya wa kurefusha uliolala juu ya nyasi, na pale kwenye maungio tulizungushia mfuko wa plastiki. Nimetoka pekupeku baada ya kumwagilia, nimeshika bomba la chuma, nikarushwa. Kiganja kilitetema mpaka adhuhuri. Sasa waya uko ndani ya bomba lake, umepanda ukutani, na pampu iko juu ya tofali.

Halafu kabla ya kuchimba, uliza waya na mabomba ya zamani yamepita wapi. Huku Mombasa pengi ardhi ni mawe ya matumbawe, watu huchimba kwa mtaimbo, na mtaimbo hauchagui.

UkokaShanzu
Kisima chako kina chumvi kiasi gani? Mimi nilikuwa nanyunyiza saa nane mchana, ncha za majani zikaungua. Maji yanakauka, chumvi inabaki juu ya jani. Nikahamia baada ya swala ya alfajiri, upepo bado umetulia, nafuu ikaonekana. Upande wa ufukweni nimepanda paspalamu, hiyo inavumilia chumvi kuliko nyasi nyingine ninazozijua.

Mipira ya matone hailowanishi majani, lakini kwenye mchanga wetu maji hushuka moja kwa moja. Yangu nimeifukia, sentimita 30 toka mstari hadi mstari, na chujio lazima. Chokaa ikiziba sprinkla, ziloweke kwenye siki usiku kucha.

BibiTudor
Mimi bado nashika mpira, na sioni haya. Uwanja wangu ni mita 4 kwa 3. Kwa kiasi hicho sioni haja ya kupasua ua.

BintiBamburi
Ahsanteni sana. Mama wa Kisauni, nimetoka nje sasa hivi na tochi. Langu nalo lina tii na geti valvu, nyuma ya tangi, nilikuwa sijawahi kuiangalia. Nimezima pampu ya kisima. Fundi Likoni, ukiikata hiyo tii, pande zote mbili zazibwa kwa kofia tu, au kuna kingine?

FundiLikoni
Kofia zatosha, lakini ikatwe karibu na laini kuu, usibaki mkia wa bomba wenye maji yaliyolala. Kisha uoshe tangi la ndani kabla hamjanywa.