Tupeane uzoefu: Mgongo umegoma, nyumba ina mitihani yake, na kanisani bado tunakwenda

Mwanzisha mada, Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 51, na mgongo wangu uliharibika mwaka 2017, siku nilipoinama kunyanyua dumu la lita 20 la mawese ili nilifunge kwenye baiskeli. Sikuanguka wala sikugongwa na kitu. Nilisikia tu kiuno kikikaza kama kamba iliyovutwa ghafla, na kabla sijasimama wima maumivu yalikuwa yamekwisha kushuka kwenye tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imechomoza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni, hivyo mguu ndio unaolia lakini tatizo liko mgongoni. Tangu hapo siwezi kuketi zaidi ya dakika 40, sichoti maji, na ubaoni naandika sehemu ya juu tu; sehemu ya chini huandika kiranja.

Hilo ningelizoea. Kilichonichosha ni kwamba mambo ya nyumbani hayakungoja nipone. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mke wangu, ambaye huanika na kuuza dagaa, alikaa miezi mitatu bila mzigo. Sisemi kwamba kulifunga lilikuwa kosa, kwa maana samaki nao wanahitaji nafasi ya kuzaliana. Nasema tu kwamba katika miezi hiyohiyo binti yetu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na upepo ukaezua bati mbili za jikoni, nami nikawa nimelala chali sakafuni nikilitazama tundu lenyewe, nisiweze kupanda ngazi kuliziba.

Siku za Jumapili husimama nyuma, karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu mabenchi yetu hayana egemeo. Siku moja mpendwa mmoja alinishika bega, kwa upole kabisa, akaniuliza kama kuna dhambi ambayo sijaitubu. Nimelifikiri swali lile kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili. Naomba basi tupeane uzoefu: ninyi mnaoishi na mgongo wa namna hii, katika nyumba zisizokosa mitihani, mmeishije na imani yenu? Naomba simulizi zenu wenyewe; mahubiri tunayasikia kanisani, na majina ya dawa tuwaachie wataalamu.

Mkulima, Urambo

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Nimelima tumbaku kwa miaka 22, na yeyote aliyelima tumbaku anajua kwamba zao hili hulimwa kwa kiuno. Unainama kitaluni ukimwagilia miche, unainama tena ukiihamishia shambani mvua zikianza, na wakati wa kuvuna unaanza na majani ya chini kabisa, kwa kuwa ndiyo yanayoiva kwanza, ukipita tuta kwa tuta na furushi la majani kwapani. Hapo bado hujagusa kuni za bani, lile banda la kukaushia majani. Mgongo wangu haukuharibika siku moja kama wako. Ulikwisha polepole, kama jembe linavyolika. Msimu wa 2021 nilishindwa kuinuka tutani, na wanangu wawili wakanipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani. Majani mengi mwaka ule yalikaukia shambani. Mkopo wa pembejeo haukuniuliza habari za kiuno, nikauza maksai wawili ili niulipe, na mtu aliyeuza maksai mwaka huu hulima kidogo mwaka ujao.

Kuhusu yule aliyekuuliza habari za dhambi, hata mimi niliulizwa, na aliyeniuliza ni kaka yangu wa tumbo moja. Nilimfungulia Yohana sura ya 9, pale wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake, na Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Kaka alinyamaza. Hakuniomba radhi, lakini msimu uliofuata alinilimia ekari moja.

Jambo lililoniuma kuliko shamba ni tarumbeta. Kanisani kwetu Moravian mimi ndiye mpiga besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini, na alfajiri ya Pasaka huwa tunakwenda nalo makaburini tukiwapigia waliotutangulia kabla jua halijachomoza. Nilipokatazwa kunyanyua kitu kizito niliililia besi kuliko nilivyolililia jembe, wala sioni haya kulisema. Mwanangu alinitengenezea kigoda cha mninga, na tangu mwaka ule yeye hubeba besi na kigoda, mimi natembea mikono mitupu nyuma ya wenzangu, tukifika naketi kando ya kaburi la baba yangu. Mara ya kwanza sauti ilitoka hafifu, kwa sababu pumzi haikai sawa mtu akiketi amejikunja, mpaka miguu ya kigoda ilipoongezwa urefu. Sasa besi inasikika mpaka barabarani.

Bibi, Ujiji

Tumsifu Yesu Kristo. Nina miaka 67 na nimepinda. Sisemi kwa mafumbo, nimepinda kweli. Padri aliposoma katika Injili ya Luka habari za yule mwanamke aliyepindana kwa miaka 18, watu wawili watatu kwenye benchi la mbele waligeuka kunitazama, nami nikacheka. Kila mtu huipenda habari ile kwa sababu mwanamke alinyoshwa. Mimi ninayempenda ni yule wa kabla ya kunyoshwa, kwa maana Yesu alimkuta sinagogini, na sidhani kwamba ile ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kufika. Alikuwa akienda hivyohivyo, akiona miguu ya watu tu.

Taabu yangu kubwa ilikuwa kwa mkwe wangu. Tangu nilipoolewa sijawahi kutekewa maji na mtu, na huyu binti alipoanza kuniletea ndoo bafuni niliona kama ananivua nguo mbele ya majirani. Nilimfokea. Alikuwa akiiweka ndoo mlangoni na kuondoka bila neno, kila siku, kwa muda wa Kwaresima nzima, mpaka siku moja nilipomwambia, "Mwanangu, leo yapoze kidogo." Basi. Sasa tunasali rozari pamoja jioni, mimi nimeketi na yeye amepiga magoti, na Padri alikwisha kuniambia niache kabisa kupiga magoti.

Mchangiaji, Kasulu

Naomba niseme jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya wapendwa. Mwaka 2019 nilianza kuumwa mgongo katikati, chini ya mabega, na maumivu hayo hayakupungua hata nikilala. Kila jioni nilipandwa na homa, usiku nilitoka jasho mpaka shuka linalowa, na suruali zangu zikaanza kuhitaji mkanda mpya. Niliamini kwamba ni vita vya kiroho. Nilikwenda mahali pa maombi, sitapataja, nikafunga siku nyingi, na nikaambiwa kwamba nikimeza dawa nitakuwa nimeonyesha sina imani. Walioniombea waliniombea kwa machozi ya kweli, na ndiyo maana siwezi kuwachukia, lakini nilipoteza miezi mitano pale.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alikuwa akinipaka mafuta mgongoni, mkono wake ukasimama, akasema, "Hapa kuna kinundu." Vipimo vilionyesha kifua kikuu cha uti wa mgongo. Sikuwa nimekohoa hata siku moja, wala sikujua kwamba ugonjwa ule unaweza kusafiri katika damu kutoka mapafuni na kwenda kula pingili. Dawa nilipewa bure, kama wanavyopewa wagonjwa wengine wa kifua kikuu nchini, nikazimeza kila siku kwa miezi 12. Asubuhi mke wangu aliviweka vidonge kwenye kisosi, tukaviombea kama tunavyoombea chakula, nikameza. Pikipiki iliyokuwa ikitulisha ilikwisha kuuzwa, na sasa tunauza maharage kwa vipimo sokoni. Kinundu kimebaki, nikivaa shati jembamba kinaonekana. Mgongo unaoambatana na homa za jioni na kukonda usiusubirie muujiza nyumbani, ndugu zangu.

Mke wa mgonjwa, Tabora mjini

Mnisamehe, kwa kuwa mgongo wangu mimi ni mzima. Mgonjwa ni mume wangu, aliyeendesha malori kwa miaka mingi kabla kiuno hakijamkatalia, na sasa ni mwaka wa tatu yuko nyumbani. Nimesoma simulizi zote hizi nikaona kwamba katika kila moja kuna mtu anayebeba ndoo, kigoda, au kisosi, na hakuna aliyemwuliza mtu huyo habari zake. Watu wakinikuta njiani huniuliza, "Baba anaendeleaje?"

Mimi huamka saa 10 alfajiri kukaanga maandazi. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno, lakini maumivu yamemfanya awe mkali, na asubuhi moja aliponiambia kwamba chai imepungua sukari niliiweka chupa chini, nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe, nikamwambia Mungu mambo nisiyoweza kuyaandika hapa. Sikuomba, niligomba. Siku mbili baadaye walikuja wanakwaya wenzangu wawili, na niliogopa kwamba wangeanza maombi marefu wakati mafuta yako jikoni. Mmoja alinawa mikono akavuta beseni la unga akaanza kukanda. Mwingine alikwenda kuongea na mume wangu habari za mpira. Wanakuja kila Jumamosi mpaka leo, na kama kuna jibu la ugomvi wangu chini ya mwembe, basi nadhani ndilo hilo.

Kwa wenye safari: tulipompeleka Dar es Salaam kwa kipimo cha MRI tulichagua treni, ingawa ni safari ndefu, kwa sababu ndani ya treni anaweza kusimama na kutembea koridoni. Ndani ya basi angefika amekufa ganzi.

Muuguzi mstaafu, Nzega

Mwalimu amekataza majina ya dawa, nami natii, lakini naomba ruhusa ya mambo machache, kwa kuwa mgongo wangu mwenyewe umeharibiwa na kuwanyanyua wagonjwa. Migongo mingi inayouma ghafla hupata nafuu ndani ya wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi huidhoofisha misuli badala ya kuisaidia. Afadhali mtu atembee kidogo kidogo. Vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila siku kwa miezi bila daktari kujua huumiza tumbo na figo. Na mtu akipata ganzi kati ya mapaja, akashindwa kuushika mkojo au mkojo ukakataa kutoka, au miguu ikaanza kulegea, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Nimeliona hilo la ubatizo kwa macho yangu.

Mwanzisha mada, Mwanga, Kigoma

Nawashukuru sana. Mke wangu ameyasoma haya yote kwa sauti jana usiku, na alipofika kwa dada yetu wa Tabora alisoma mara mbili, mara ya pili polepole, bila kunitazama. Leo asubuhi nimechemsha chai mwenyewe. Ni kazi ya kusimama, mgongo wangu hauikatazi, na sijui kwa nini kwa miaka yote hii haikuwahi kunijia akilini. Yule mpendwa aliyenishika bega sitamwambia neno, isipokuwa nikimkuta na ngazi nitamwomba anizibie bati.

Mzee wangu wa Urambo, shikamoo. Nimekwenda kwa seremala wa hapa Mwanga nikamwagiza kigoda cha kuweka pale mlangoni kanisani. Ameniuliza urefu. Je, ni kutoka unyayoni hadi nyuma ya goti, au kiwe zaidi kidogo kwa mtu asiyeweza kujikunja?

Mkulima, Urambo

Marahaba, Mwalimu. Kiwe zaidi kidogo, kama upana wa kiganja kimoja. Na mwangalie asikuwekee ubao mbichi, utapinda.