Dreamcast ilikufaje mapema hivi?

Kijana wa Padi: Wakuu, nimekuta Dreamcast, ile mashine ya gemu ya Sega, ya mjomba stoo, na bado inawaka! Mbona Sega waliiacha Machi 2001, wakati ilitoka Japani Novemba 1998?

Fundi Mstaafu: Mdogo wangu, hizo nimezifungua sana. Padi yake inachomekwa kikadi cha kuhifadhia gemu (VMU), chenye kioo na vitufe vyake. Betri zikiisha kinapiga mlio kila ukiwasha, hadi jirani anajua umeanza. Modemu ya intaneti imo humo humo ndani. Kilichoiua ni watu kukosa imani. Saturn, mashine ya Sega iliyotangulia, ilishawaumiza, basi PlayStation 2 ya Sony ilipotangazwa wakakaza mifuko. Ile ya Sony ilicheza hata filamu za DVD, ujue, hata baba mwenye nyumba analegea. EA, kampuni kubwa ya gemu, nao wakagoma kuitengenezea Dreamcast gemu.

Mama Wawili: Na CD za kuchoma, gemu za kunakili, je? Mwaka 2000 ulichoma, ukatumbukiza, ukacheza. Mashine haikufunguliwa hata skrubu.

Fundi Mstaafu: Kweli dada, lakini hasara ilianza kabla ya hapo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 9, hazikutosha. Kijana, kikadi usitupe! Tafuta betri mbili za CR2032.

Kijana wa Padi: Kumbe ule mlio! Nilidhani imeungua.